GPS majini: jinsi kasi ya chombo inavyopimwa, na jinsi inavyomsaidia msafiri kufika kabla ya giza

Mkaazi wa Bugarama anaishi kati ya maziwa mawili. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Kamembe, kuna Ziwa Kivu. Upande wa kusini, Mto Rusizi unaopita kando ya bonde la mpunga unateremka hadi Ziwa Tanganyika. Wapo wanaovuka Kivu kwenda kisiwa cha Nkombo, Karongi au Rubavu, na wapo wenye jamaa Uvira, Bujumbura na Kigoma ambao safari zao nyingine ni za majini. Kwa wote hao, chombo kinapong'oa nanga, swali huwa ni moja: tutafika saa ngapi?

Barabarani swali hilo lina jibu jepesi. Gari lina magurudumu, na kila gurudumu linapozunguka, mshale ulio mbele ya dereva huonyesha mwendo. Mabasi ya abiria nchini Rwanda yamefungwa pia vidhibiti mwendo vinavyoyazuia kuvuka kilomita 60 kwa saa. Majini hakuna gurudumu linalokanyaga ardhi, wala hakuna mawe ya kuhesabia kilomita. Hata hivyo, kifaa cha kupima kasi ya chombo sasa kimo katika mifuko ya abiria wengi bila wao kufahamu, kwa kuwa simu janja nyingi zina kipokezi cha mfumo wa GPS. Kifaa hicho husema kweli, lakini husema kweli ya aina moja tu. Asiyeielewa anaweza kupotoshwa na tarakimu iliyo sahihi kabisa.

Kutoka kamba yenye mafundo hadi satelaiti

Kabla ya vyombo vya kisasa, mabaharia wa Ulaya walipima kasi kwa kamba. Kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo kilitupwa nyuma ya merikebu. Ubao ulibaki majini, merikebu ikasonga mbele, na kamba ikafunguka. Baharia mmoja aliangalia chupa ya mchanga iliyopima sekunde chache, na mwingine akahesabu mafundo yaliyopita mkononi mwake. Hapo ndipo lilipotoka neno noti, linalotumika hadi leo kutaja kasi ya meli; kwa Kiingereza maana yake ni fundo.

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani mita 1,852 kwa saa. Chombo kinachokwenda noti 5 kinakwenda kilomita 9 na robo kwa saa, mwendo unaokaribiana na ule wa mtu anayekimbia polepole. Kwa kulinganisha, rekodi ya dunia ya chombo cha tanga iliwekwa barani Afrika: tarehe 24 Novemba 2012, katika ghuba ya Walvis Bay nchini Namibia, Paul Larsen aliendesha chombo kiitwacho Vestas Sailrocket 2 kwa wastani wa noti 65.45 katika umbali wa mita 500, sawa na kilomita 121 kwa saa.

Manahodha wa mwambao wa Waswahili nao walikuwa na elimu yao. Walisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, wakaisoma dira na nyota, na waliikadiria kasi kwa kuutazama upepo katika tanga na povu linalopita ubavuni mwa chombo. Elimu hiyo haijapitwa na wakati, kwani macho ya nahodha hayaishiwi na umeme. Kilicholetwa na satelaiti ni kipimo ambacho hata abiria anaweza kukisoma.

Satelaiti zinajuaje mwendo wa mtumbwi?

GPS ni mfumo wa Marekani. Satelaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulikamilika mwaka 1995. Kwa miaka kadhaa mawimbi waliyopewa raia yalipunguzwa usahihi kwa makusudi, hadi tarehe 2 Mei 2000 kizuizi hicho kilipoondolewa. Leo Urusi, Umoja wa Ulaya na China pia zina mifumo yao ya aina hiyo, na simu nyingi mpya hupokea mawimbi ya mifumo zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Mfumo wa GPS unahitaji satelaiti zisizopungua 24, zinazozunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha takriban kilomita 20,200. Kila satelaiti ina saa yenye usahihi mkubwa mno, na kazi yake ni kutangaza mfululizo saa ngapi sasa na yenyewe iko wapi. Kipokezi kilicho mkononi hupima wimbi limechukua muda gani kufika, na kutokana na muda huo hujua umbali. Kwa kuwa mawimbi ya redio hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Ndiyo maana kipokezi huhitaji kusikia satelaiti nne au zaidi: tatu za kukiambia kiko wapi, na ya nne ya kuirekebisha saa yake yenyewe.

Kasi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya mwanafunzi wa shule ya msingi: umbali kati ya mahali pa awali na mahali pa sasa, ukigawanywa kwa muda uliopita. Njia hii ni rahisi, lakini mahali panapoonyeshwa na simu panaweza kukosewa kwa mita kadhaa, na kosa hilo huingia katika kasi.

Njia ya pili ni sahihi zaidi, na kila mtu anayeishi kando ya barabara ameshaisikia kwa masikio yake. Lori la saruji linapokuja likipiga honi, sauti yake huwa nyembamba; likishapita na kuanza kwenda mbali, sauti ileile huwa nzito. Honi haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mawimbi ya sauti yalikuwa yakibanwa lori linapokaribia, kisha yakavutwa lilipoondoka. Mawimbi ya redio nayo hufanya hivyo kati ya satelaiti na kipokezi. Kipokezi hupima badiliko hilo dogo kutoka satelaiti kadhaa kwa pamoja, na papo hapo hupata kasi ya chombo na upande kinakoelekea. Pale ambapo anga iko wazi, kosa la kipimo hiki kwa kawaida ni chini ya kilomita moja kwa saa.

Jambo moja linastahili kusisitizwa kwa wakaazi wa mpakani, ambao simu zao hukamata mara mtandao wa Rwanda, mara wa Kongo, mara wa Burundi. Satelaiti za GPS hazihitaji mtandao wa simu. Kipokezi husikiliza tu, kama redio inavyosikiliza kituo. Hakitumi chochote angani na hakitozi fedha. Kinachotumia intaneti ni ramani inayoonyeshwa kwenye kioo, na ramani hiyo inaweza kupakuliwa kabla ya safari. Katikati ya ziwa, mahali ambapo simu haiwezi kupiga wala kupokea, kasi bado itasomeka.

Kasi juu ya ardhi na kasi ndani ya maji

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tawi likitupwa katika Mto Rusizi, mtu aliyesimama ukingoni huliona likikimbia. Lakini sisimizi aliye juu ya tawi hilo, akiyatazama maji yaliyo kando yake, haoni mwendo wowote, kwa sababu tawi na maji vinakwenda pamoja. Nani kati yao amesema kweli? Wote wawili. Aliye ukingoni amepima kasi juu ya ardhi. Sisimizi amepima kasi ndani ya maji.

GPS ni yule aliyesimama ukingoni. Haijui maji yanakwenda wapi. Inajua tu kwamba chombo kimetoka mahali fulani duniani na kiko mahali pengine. Ile kamba ya mafundo, pamoja na vipimo vinavyofungwa chini ya boti za kisasa, ni sisimizi: hupima mwendo wa chombo kupita katika maji.

Tofauti hii huonekana wazi baharini. Kando ya mwambao wa Tanzania na kusini mwa Kenya kuna mkondo wa bahari unaotiririka kuelekea kaskazini, nao hupata nguvu zaidi wakati wa kusi. Tuchukue jahazi linalokwenda noti 5 ndani ya maji mahali penye mkondo wa noti 2. Likielekea kaskazini, GPS itaonyesha noti 7. Likigeuka kuelekea kusini kwa mwendo uleule ndani ya maji, itaonyesha noti 3. Tanga halijachanika wala mabaharia hawajalegea. Safari ya maili 21 iliyochukua saa tatu wakati wa kwenda itachukua saa saba wakati wa kurudi.

Ziwa Kivu halina mkondo wa namna hiyo, lakini lina upepo na mawimbi. Upepo wa mbele husukuma ubavu wa boti, mawimbi hupiga omo na kula nguvu ya injini, na maji ya juu huanza kusogea kuelekea unakokwenda upepo. Injini hunguruma kama kawaida, povu huonekana kama kawaida, na abiria huamini kwamba chombo kinakwenda kama kawaida. GPS pekee ndiyo inayosema kwamba ufuo hausogei.

Hesabu ya jioni

Faida kubwa ya tarakimu hiyo ni kumwezesha nahodha kuamua mapema. Tuseme boti inaondoka saa nane mchana kwa safari ya kilomita 30, na siku zote hukimbia kilomita 10 kwa saa. Inatarajiwa kufika saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu. Lakini siku hiyo upepo unavuma kutoka mbele, na GPS inaonyesha kilomita 6 kwa saa.

Ifikapo saa tisa, boti imekata kilomita 6 tu, zimebaki 24. Kwa mwendo huo zitahitajika saa nne zaidi, na boti itafika saa moja usiku. Katika eneo hili jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari itakuwa gizani, pengine bila taa, katika ziwa ambalo usiku lina nyavu na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Aliyeisoma tarakimu saa tisa bado ana nafasi ya kuchagua: akigeuka, upepo utakuwa nyuma yake, na kilomita 6 alizokata atazirudia kwa muda mfupi. Akingoja hadi saa kumi na moja ndipo ashangae, kurudi na kuendelea vyote vitamwingiza gizani.

Hesabu hii haihitaji elimu kubwa. Umbali uliobaki ugawanywe kwa kasi inayoonyeshwa; jibu ni saa zilizobaki. Irudiwe kila baada ya nusu saa, hasa katika misimu ya mvua, kwa kuwa ngurumo na dhoruba hupenda kuja baada ya mchana.

Chombo cha tanga na hila ya bisho

Kwa wanaosafiri kwa tanga, kama ilivyo bado mahali pengine katika Ziwa Tanganyika na kote mwambaoni, kuna mtego mwingine. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea unakotoka upepo. Nahodha hulazimika kwenda bisho, yaani kukata pembe kushoto na kulia hadi afike. GPS itaonyesha kasi nzuri katika kila mkato, lakini sehemu ya mwendo huo inakwenda pembeni.

Mfano wake ni huu: chombo kinachokwenda noti 5 kikiwa nyuzi 60 kutoka upande wa upepo kinaukaribia upande huo kwa noti 2 na nusu tu, yaani nusu ya kasi inayosomeka. Anayegawanya umbali uliobaki kwa noti 5 atajidanganya kwa nusu nzima. Vifaa vingi vya baharini vina tarakimu ya pili inayoonyesha kasi ya kukaribia mwisho wa safari. Asiye nayo aangalie umbali uliobaki mara mbili kwa tofauti ya dakika 30. Zile kilomita zilizopungua, zikizidishwa kwa mbili, ndiyo kasi yake ya kweli kwa saa.

Mambo yanayopotosha kipimo

Simu iliyowekwa mezani inaweza kuonyesha kwamba inatembea kilomita moja kwa saa. Hilo ni kosa dogo la mawimbi, si ajabu. Kioo pia huruka kati ya tarakimu kubwa na ndogo pale boti inapopanda na kushuka mawimbi, kwa hiyo yafaa kusoma wastani wa dakika kadhaa badala ya tarakimu ya sekunde moja. Kasi ya juu kabisa iliyoandikwa mwisho wa safari isiaminiwe haraka, kwani kosa moja la sekunde linaweza kuizaa.

Milima nayo ina athari. Katika bonde jembamba, mawimbi ya satelaiti hugonga kuta za mlima kabla ya kufika, na kipokezi hudhani yametoka mbali zaidi. Hali hiyo hupatikana katika korongo la Rusizi, ambako mto huanguka kutoka kimo cha mita 1,460 ilipo Kivu hadi karibu na mita 950 katika bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa nchini. Maporomoko hayo ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme ya Rusizi I na Rusizi II, na ndiyo yanayozuia vyombo kupita kutoka ziwa moja hadi jingine. Katikati ya ziwa, ambako anga iko wazi pande zote, kipimo huwa bora zaidi.

Mwisho ni kipimo chenyewe. Programu moja huandika kilomita, nyingine noti, nyingine maili za nchi kavu. Kumi ya noti si kumi ya kilomita. Ni kilomita 18 na nusu.

Tarakimu inayofichua uzito

Mwenye boti anayeandika kasi yake kila safari hupata faida nyingine. Injini ikiwa ileile, mafuta yaleyale na ziwa likiwa limetulia, kasi hushuka kwa sababu chache: injini imechoka, tumbo la boti limeota uchafu, au mzigo umezidi. Boti iliyozoea kilomita 12 ikionyesha 8 siku isiyo na upepo, inafaa kuulizwa imebeba nini.

Hata hivyo kipimo hiki hakimwokoi mtu peke yake. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iitwayo MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama katika Ziwa Kivu ikiwa karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Walikuwa wanakaribia kufika. Kasi inayosomeka kwenye kioo haisemi lolote kuhusu idadi ya abiria, wala haimvishi mtu jaketi la kuokolea maisha.

Kwa anayetaka kuanza

Simu ichajiwe kikamilifu na kutiwa katika mfuko usiopitisha maji, uliofungwa kwa kamba. Ramani ya ziwa ipakuliwe nyumbani. Kabla ya kuondoka, simu iwekwe mahali penye anga wazi kwa dakika chache hadi ipate satelaiti; bila mtandao, mara ya kwanza huchukua muda zaidi. Kuzima mtandao wa simu katikati ya ziwa hupunguza matumizi ya betri, kwa kuwa simu huacha kuhangaika kutafuta minara ya mbali, lakini uwashwe tena pakihitajika msaada.

Mahali pa kuondokea patiwe alama, na mahali pa kufikia vilevile. Umbali uandikwe kwenye karatasi, pamoja na saa ya kuondoka na saa ya kuzama jua. Kisha nahodha aamue kabla ya safari, akiwa bado nchi kavu na akili imetulia: kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, atageuka. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya katikati ya mawimbi, abiria wakiwa na haraka na mwenye mzigo akilalamika. Ukishafanywa ufukweni, kinachobaki ziwani ni kuisoma tarakimu na kuitii.